Sura ya Saba: Mlango Uliochoka Kusubiri

"Mtoto ameshiba," alisema dada wa mfamasia, akimfunga mtoto mgongoni kwa shuka. "Sasa niambie wewe, kesho atashibia wapi?"

Inspekta alikuwa ameegemea kaunta ya kituo cha polisi, chai yake imepoa mkononi. Alikuwa na majibu mawili, yote mabaya, kwa hiyo akaitazama chai.

"Nakuuliza. Au masikio mnayaacha nyumbani mkija kazini?"

"Nimesikia, dada."

"Usiniite dada. Dada yangu mmemfungia humo ndani."

Kwa siku nne mwanamke huyu alikuwa akimleta mtoto wa miezi mitano mara tatu kwa siku, na mara tatu mfamasia alitolewa mahabusu ya kituo, akakalishwa kwenye chumba cha viti vibovu, akanyonyesha huku askari akimlinda kana kwamba angetorokea kwenye chupa ya maji. Leo saa tisa alasiri jalada lingefikishwa mahakamani. Baada ya hapo ni rumande, mwendo wa saa tatu kwa gari. Ama mtoto angeachishwa ziwa kwa amri ya hakimu, ama angeingia gerezani na mama yake kabla hajaota jino.

Kazini inspekta huyu wa kike walimwita Rudia, maana hakuna shahidi aliyewahi kumsimulia jambo mara moja likaisha. Hata wahalifu walimwita hivyo, na yeye hakukasirika. Alichokasirikia asubuhi hiyo ni kesi yenyewe, iliyonyooka kuliko inavyopaswa.

Makasha manane ya mofini, ile dawa kali ya maumivu, yalikuwa yametoweka stoo ya dawa ya hospitali, kwa awamu nne, ndani ya wiki sita. Mlango wa stoo ulifunguka kwa vitu viwili: kadi, na namba ya siri ya tarakimu nne. Mara zote nne kumbukumbu za mlango zilionyesha kadi ya mfamasia, na mbele yake neno moja: SAFI. Kadi inaweza kutengenezwa ya pili, hilo kila mtu alilijua. Lakini namba hukaa kichwani mwa mwenyewe. Nani mwingine anaijua namba yako? Siku nne Rudia aliuliza swali hilo, na siku nne mfamasia alijibu vilevile: hakuna.

"Jana nilikwambia," Rudia alimwambia dada mtu. "Angesema amemtajia mtu, hata mmoja, ningekuwa na mtu wa kumfuata."

"Kwa hiyo kosa lake ni kutosema uongo?"

Hapo mlango wa ofisi ulifunguka, mkuu wa kituo akatoa kichwa. "Rudia. Jana nzima umemkamua shemeji wa mfamasia, dereva wa watu, umetoka na nini?"

"Patupu, mkuu."

"Saa tisa. Jalada lisipokuwa mezani kwangu saa nane na nusu nitaliandika mwenyewe, na wewe nitakuhamishia kitengo cha vitu vilivyopotea."

Rudia aliimwaga chai kwenye sinki na kuondoka.

*

Chumba cha mitambo cha hospitali kilikuwa na baridi ya jokofu. Fundi aliyeandika programu ya mlango walimwita Profesa, na yeye aliamini ni sifa. Alikuwa na viti viwili. Kimoja amekalia, kingine ameweka miguu. Kando yake alisimama mkuu wa ulinzi, mtu mnene wa shingo, aliyeitwa Kepteni. Hakuwahi kuvaa gwanda la jeshi hata siku moja. Alikuwa kepteni wa timu ya mpira ya hospitali miaka kumi iliyopita, cheo kikagoma kustaafu.

"Afande, hapa watu wana kazi," alisema Kepteni. "Mimi nilishaandika maelezo. Nilimwona kwa macho yangu mawili, amesimama mlangoni pa stoo saa moja asubuhi."

"Nimeyasoma. Nataka kuujaribu mlango."

"Uliwahi kujaribiwa na nani ukashindwa?" Profesa alicheka. "Twende, nikutoe ushamba."

Walishuka ghorofa moja. Ilikuwa saa nne asubuhi, korido tupu. Rudia alichukua kadi ya mfamasia kutoka kwenye bahasha ya vielelezo, akaigusisha kwenye kisomeo cha kadi, akabonyeza namba ya kubuni. Taa nyekundu ikawaka hata kabla hajaondoa kidole. Akabuni nyingine. Nyekundu. Alijaribu mara kumi na tano, na mara kumi na tano mlango ukamkatalia papo hapo.

"Umeridhika?" Kepteni alimuuliza. "Namba mbovu haifungui. Mwenye namba ni mmoja. Hesabu ya chekechea hiyo."

Rudia aliumia, maana alikuwa amebaki na tumaini hilo tu. Hakuonyesha. "Nichapishieni kumbukumbu zote za mlango huu," alisema. "Miezi sita."

"Kurasa mia mbili hizo!" Profesa akang'aka.

"Kwani karatasi unalipia wewe?"

*

Wakamtupa kwenye chumba cha kuhifadhia nyaya, meza moja na taa inayopepesa. Alisoma kwa rula, mstari baada ya mstari, kama mtoto wa darasa la kwanza. Tarehe, saa, kadi, neno SAFI au KATAA, na safu ya mwisho ambayo hakuna aliyemwelezea, yenye tarakimu ndogondogo: 0.04, 0.06, 0.05, 0.09. Saa tano na nusu ilimkuta bado yumo. Alipofika kwenye wizi wa kwanza, rula ilisimama.

Alifungua ukurasa wa wizi wa pili, wa tatu, wa nne. Akarudia tena, akiwa na kalamu. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye chumba chenye baridi na kuisukuma miguu ya Profesa kutoka kwenye kiti cha pili ili akae.

"Hii safu ya mwisho ni nini?"

"Muda. Sekunde tangu mlango uulize mpaka ujibiwe."

"Uulize kwa nani?"

Profesa alivuta pumzi ya mtu anayepoteza asubuhi yake. "Kuna saraka. Ni daftari la hospitali nzima, liko kwenye seva: nani ni nani, namba yake, ana ruhusa ya kuingia wapi. Mlango ni mteja. Mteja anaiuliza saraka, huyu nimfungulie? Saraka inajibu. Maswali na majibu yanapitia kwenye maktaba."

"Maktaba? Ya vitabu?"

"Ya programu, mama! Kazi ambazo wengine wameshaziandika, wewe unazitumia tu. Sikuandika kila kitu kwa mkono."

"Sawa. Siku za kawaida saraka inamjibu mteja kwa sekunde ngapi?"

"Hata sekunde haifiki. Unaona mwenyewe."

"Naona. Sasa soma hapa, wizi wa kwanza."

"Sekunde tatu."

"Wa pili."

"Tatu." Alisogea. "Wa tatu, tatu. Ni mzigo tu, afande. Saa moja asubuhi na saa nane mchana zamu zinabadilishana, watu mia sita wanafungua kompyuta kwa mpigo, wote wanaililia saraka hiyohiyo. Inachelewa. Jambo la kawaida."

"Kuchelewa nakubali. Lakini anayechelewa huchelewa ovyo. Mbili na kitu, nne na kitu. Hii ni tatu nukta sifuri sifuri, mara nne. Anayejibu hatazami saa, Profesa. Anayetazama saa ni yule anayengoja. Nani alikuwa anangoja akachoka?"

Profesa hakucheka safari hii. "Mlango. Nimeuwekea kikomo cha kusubiri. Sekunde tatu."

"Zikiisha bila jibu?"

"Unakataa, bila shaka. Asiyejibiwa hafungui."

"Rudia."

"Unakataa!"

"Basi mbona hapa umeandika SAFI?"

Profesa aliigeukia kompyuta kwa hasira, akafungua programu yake. Rudia hakuelewa hata mstari mmoja wa maandishi yale, lakini uso wa mtu aliujua kuusoma. Aliuona wa Profesa ukianza na dharau, ukaja wasiwasi, halafu rangi ikamtoka. Profesa alifungua maelekezo ya maktaba. Alisoma kipande kimoja kwa sauti ya chini, akakisoma tena bila kuambiwa arudie.

"Sema," alisema Rudia.

"Sifuri," akasema Profesa. "Kwenye maktaba hii, ukiitafsiri barua ya majibu, yaani jibu la saraka, ikiwa haina tatizo, inakupa sifuri. Sifuri ni hakuna kosa. Sisi wote tunajua hivyo, sifuri ni kheri."

"Na?"

"Na kuna kazi nyingine, ya kusubiri hiyo barua ije. Hiyo nayo... ikiwa kuna hitilafu inakupa hasi moja. Hiyo niliishughulikia, unaona hapa? Lakini muda ukiisha bila barua kufika, inakupa sifuri. Maana yake hakijaja kitu." Alimeza mate. "Nimeziweka zote mbili kwenye kisanduku kimoja. Kisha nimeuliza, kisanduku kina sifuri? Kama ndiyo, fungua."

"Yaani barua isipofika, mlango unasema barua imekubali."

"Nilijaribu! Nilijaribu namba mbovu mara mia!"

"Hapa mezani, saraka ikiwa imetulia. Kama mimi saa nne."

Rudia alimwangalia na kuwaza kwamba mtu huyu hakuwa mwizi, alikuwa mvivu wa kusoma ukurasa wa pili, na kwa uvivu huo mtoto wa watu alikuwa ananyonyeshwa chini ya ulinzi. Alitamani kumzaba kibao.

"Toa orodha," alimwambia. "Kila mara mlango huu ulipofunguka kwa sekunde tatu kamili."

Ilitoka mistari arobaini na mmoja. Ukiondoa ile minne ya wizi, ilibaki thelathini na saba, na Rudia akaipitia kwa kalamu: wafamasia, wauguzi wakuu, watu wenye haki ya kuingia, waliocheleweshwa na saraka siku yenye msongamano na kufunguliwa bila kujua kwamba namba yao haikusomwa na mtu.

"Waondoe wote wenye ruhusa ya stoo."

Profesa alibonyeza. Ukabaki mstari mmoja, wa miezi minne iliyopita. Wote wawili waliisoma kadi iliyoandikwa pale, na Profesa akageuka kutazama kama mlango wa chumba chake umefungwa.

"Na kadi za hospitali," Rudia aliuliza polepole, "zinatengenezwa ofisi gani?"

"Ulinzi," alisema Profesa.

*

Saa nane kasoro dakika tano korido ya stoo ilikuwa haipitiki. Zamu ya asubuhi inatoka, ya mchana inaingia, kila mtu anamkanyaga mwenzake. Rudia alisimama mbele ya mlango, Profesa ubavuni mwake. Askari wawili walisimama mwisho wa korido wakijifanya kusoma tangazo la kunawa mikono. Kepteni alifika akitembea katikati ya watu, nao wakampisha.

"Bado upo?" alimuuliza Rudia. "Nilidhani saa hizi unamsindikiza mwizi wako."

"Nafunga maelezo tu. Kepteni, kadi yako inafungua mlango huu?"

"Haifungui. Mimi ni ulinzi, sitoi dawa."

"Umewahi kuijaribu hapa?"

"Niijaribu ya nini?"

"Rudia, kwa kirefu. Naandika."

"Sijawahi kuijaribu kadi yangu kwenye mlango huu, leo wala siku yoyote. Umeipata yote, au nikutamkie herufi moja moja?"

Rudia alimgeuzia daftari. Kepteni alisoma, akatabasamu, akatia saini yenye mkia mrefu.

"Niazime hiyo kadi."

Alimpa kwa vidole viwili, kama anayempa mtu takataka. Saa nane na dakika tatu. Ghorofani kompyuta za zamu ya mchana zilikuwa zikiwashwa moja baada ya nyingine. Rudia aliigusisha kadi na kubonyeza mwaka aliozaliwa mama yake. Taa nyekundu haikuwaka. Haikuwaka taa yoyote. Muuguzi mmoja alimpiga kikumbo akapita, akaomba radhi. Kisha taa ya kijani ikawaka na kitasa kikalia, mlango wa mofini ukawa wazi mbele ya watu wote.

"Mungu wangu," alisema Profesa, akaushika ukuta.

"Mtambo mbovu," alisema Kepteni haraka. "Mwambie huyo, si mimi. Mimi nimeajiriwa kulinda, si kuandika programu."

"Kweli kabisa." Rudia alikunjua karatasi. "Miezi minne iliyopita, Jumanne, saa moja na dakika sita asubuhi. Kadi hii uliyonipa sasa hivi. Mlango huu. Ulifunguka."

Kepteni aliitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Nilikuwa nakagua vitasa. Ni kazi yangu."

"Sasa hivi umetia saini kwamba hujawahi."

"Mtu husahau."

"Umesahau, nimekubali. Ulikagua kitasa cha stoo ya mofini, ukakikuta kinamfungulia asiye na ruhusa. Mkuu wa ulinzi mzima. Taarifa yako iko wapi? Ulimwambia nani? Profesa, alikwambia?"

"Hajawahi kuniambia kitu," Profesa alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa na adabu.

"Angalia wewe mwanamke." Kepteni alimsogelea mpaka pumzi yake ikamgusa Rudia usoni. "Unajua mimi ni nani hapa?"

"Nimeambiwa. Ulicheza namba ngapi?"

Mtu mmoja koridoni akacheka, akajiziba mdomo. Kepteni aligeuka kuondoka na kukutana na wale askari wawili, ambao sasa walikuwa wameacha kusoma tangazo. Mmoja akamwomba ufunguo wa kabati lake, kwa heshima zote. Alisema ameupoteza. Ulikuwa shingoni mwake, kwenye kamba moja na filimbi yake.

Kabatini, chini ya jezi kuukuu, walikuta makasha mawili ya mofini na kadi nyeupe isiyo na picha. Profesa aliisoma ile kadi kwenye mashine ya ofisi hiyohiyo iliyoitengeneza. Kwenye kioo likatokea jina la mfamasia.

Rudia alipiga simu kituoni. Ilikuwa saa nane na dakika thelathini na nane.

"Unachelewesha watu," alisema mkuu wa kituo. "Jalada nimeandika mwenyewe. Mtuhumiwa yuko kwenye gari, dereva ameshawasha."

"Mwambie azime, mkuu."

"Kwa amri ya nani?"

"Nina mwizi, nina mali, na nina daktari mmoja na wauguzi saba walioniona nikifungua mlango kwa namba ya uongo. Ukimpeleka huyo mama mahakamani, wakili wake atakuuliza wewe kwa nini hukuujaribu."

Rudia akamsikia mkuu akimfokea mtu azime gari, kwa matusi ambayo si ya kuandika.

*

Rudia alipofika kituoni, mfamasia alikuwa kaunta anarudishiwa vitu vyake: saa ya mkononi, mkanda, pete, kamba za viatu. Blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa upande mmoja. Alivihesabu vitu kimoja kimoja bila kuinua uso, na dada yake alisimama nyuma yake na mtoto, akimtazama Rudia kama mtu anayetafuta jiwe.

"Tumempata," alisema Rudia. "Mlango ulikuwa haukuulizi namba. Ukichelewa kujibiwa ulikuwa unafungua tu."

"Nimeambiwa."

"Nimekuja kukuomba radhi."

Mfamasia alianza kufunga kamba za viatu, polepole, mguu juu ya benchi. "Siku ya kwanza uliniuliza nani mwingine anajua namba yangu. Ningekudanganya palepale, nikamtaja hata muuza magazeti, ningelala kwangu usiku ule. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Uliniambia mwenyewe. Ukanibembeleza. Nikakujibu kweli siku nne, na kila nikijibu kweli kesi inazidi kuwa nzito." Alifunga fundo, akashusha mguu. "Mlango mkauamini bila kuuliza. Mimi mkaniuliza siku nne bila kuniamini."

Rudia alikuwa na saini ya Kepteni mfukoni, makasha kwenye gari, na pongezi za mkuu zilizokuwa njiani, na vyote havikumsaidia.

"Kesho watanipa namba mpya," alisema mfamasia, akinyoosha mikono kumpokea mtoto. "Nitaiandika mlangoni kwa chaki, kubwa, mpaka mfagizi aisome. Ili siku nyingine mkija kuniuliza nani anaijua, niwe na watu wa kuwataja."

Alitia saini kwenye kitabu cha kaunta, akamweka mtoto kifuani palepale mbele ya askari wote, akatoka naye akinyonya. Dada yake alifuata. Rudia aliona aibu, na aliendelea kuiona hata walipokuwa wameshavuka barabara.